Samba ya Kipupwe Mbeya: Mchana Uliotuchemsha, Usiku Uliotugandisha

Mtu aliyewahi kulala Mbeya mwezi wa Julai anajua kwamba jua likishajificha mji hubadilika: wauza matunda hufunga meza zao mapema, waendesha bodaboda huvaa koti juu ya koti, na mazungumzo ya barazani huhamia jikoni penye moto. Kwa hiyo niliposikia kwamba kungekuwa na karnivali ya samba, ngoma ya Kibrazili, itakayoanza mchana kwa maandamano ya barabarani na kumalizika usiku wa manane katika bustani ya wazi ya ukumbi mmoja, sikumuuliza dada yangu bei ya tiketi. Nilimuuliza kama waandaaji wanaifahamu baridi ya huku. Dada alicheka, akasema, "Wewe njoo tu, mdogo wangu, ila usiache koti."

Tulikwenda watatu: dada, shemeji na mimi. Maandamano ya mchana yalikuwa bure kwa kila mtu, na tiketi ya usiku iliuzwa shilingi 15,000 kwa kiti cha kawaida na shilingi 40,000 kwa meza ya mbele, hii ya pili tu ikiwa pamoja na kinywaji kimoja na sahani moja ya chakula. Tulilipia kwa simu, ujumbe wa uthibitisho ukafika papo hapo, na jioni mlangoni hapakuwa na msukumano wowote. Katika hilo sina lawama.

Wapo waliowabeza waandaaji kwa kuchagua msimu wa baridi, wakisema kwamba samba ni ya jua na fukwe. Mimi nadhani uamuzi huo ulikuwa sahihi. Karnivali ya Rio de Janeiro, Brazili, hufanyika kabla ya Kwaresima, yaani Februari au mwanzoni mwa Machi, wakati kule ni kiangazi chenye joto kali. Lakini miezi hiyo Mbeya huwa katikati ya mvua, na maandamano ya ngoma yangegeuka maandamano ya tope. Julai anga ni safi, barabara ni kavu, na wakulima wengi wameshavuna mahindi na mpunga, kwa hiyo fedha kidogo ipo mifukoni. Tena kucheza samba penye baridi si jambo la ajabu. Mji wa Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, umekuwa na karnivali ya samba ya majira ya baridi tangu mwaka 1986, na watu wa kule hucheza barabarani wakati hewa inakaribia kuganda. Siri yao ni kwamba wameifanya karnivali hiyo kuwa ya vinyago na mavazi mazito, na kwamba mtazamaji naye hutembea na ngoma badala ya kuisubiri. Jambo hilo la pili ndilo lililoamua kila kitu katika siku hii ninayoieleza, kwa wema mchana na kwa ubaya usiku.

Maandamano yalitangazwa kuanza saa nane mchana, yakaanza saa tisa na robo, ucheleweshaji ambao kwa shughuli za kwetu ni mdogo. Yalitokea Kabwe, yakaelekea Mwanjelwa kwa kupitia barabara za ndani ili yasifunge barabara kuu ya kwenda Tunduma, ambayo malori yake hayasubiri ngoma ya mtu. Mbele walikuwa watoto wenye vinyago vya karatasi, nyuma yao mwanamume na mwanamke waliobeba bendera ya kundi na kuizungusha kwa madaha, kama ilivyo desturi katika vyama vya samba vya Rio, kisha akina mama, kisha wachezaji wenye manyoya, na mwisho kikosi cha ngoma ambacho Wabrazili hukiita bateria. Nilihesabu wapigaji 28. Wengi wao walikuwa vijana wa vikundi vya ngoma vya hapa jijini pamoja na wanafunzi wa vyuo, na mwalimu wao, kijana aliyejifunzia sanaa Bagamoyo, aliwaongoza kwa filimbi na vidole tu.

Naomba msomaji anivumilie nikae kidogo kwenye ngoma hizo, kwa sababu ndizo zilizostahili fedha yetu ingawa hatukuzilipia. Msingi wa bateria ni ngoma kubwa za besi ziitwazo surdo, nazo ziko za aina tatu. Surdo ya kwanza, yenye sauti nzito kuliko zote, hupiga pigo la pili la kila kipimo cha mapigo mawili. Surdo ya pili, yenye sauti nyembamba kidogo, huijibu katika pigo la kwanza. Na ya tatu hupenya katikati yao ikivunjavunja mapigo ili mwili usitulie. Mgeni wa muziki huu hudhani kwamba uzito utaangukia pigo la kwanza, kama katika gwaride, na hapo ndipo miguu yake hukosea. Juu ya besi hizo hukaa ngoma za nyaya zinazotiririka bila kukoma, repiniki inayotoa ishara za kuanza na kubadilisha, tamborimu ndogo kama sahani inayopigwa kwa fimbo nyembamba, kengele mbili ziitwazo agogo, njuga, na kile chombo cha kuchekesha kiitwacho kuika, ambacho ngozi yake ina kijiti kilichofungwa kwa ndani, na mpigaji hukisugua kwa kitambaa chenye maji mpaka ngoma ilie kama mtoto anayelilia titi.

Surdo za Mbeya zilitengenezwa kwa mapipa ya chuma yaliyokatwa, baadhi zikiwa zimewambwa ngozi ya mbuzi na nyingine plastiki. Sauti ya zile za ngozi ilikuwa tamu mno. Zilipoingia katika uchochoro mmoja karibu na soko, ambapo kuta za maduka ziko karibu karibu, mlio uliturudia kifuani, na wauza mitumba waliacha mabunda yao wazi wakaingia kucheza. Mzee mmoja aliyesimama kando yangu, ambaye nilimwamkia shikamoo naye akaitikia bila kuondoa macho kwenye ngoma, alisema, "Mwanangu, hizi zinaitikiana kama ngoma zetu za ling'oma. Wametuletea yetu wenyewe."

Mzee huyo aliijua historia kuliko mshereheshaji. Mshereheshaji, aliyekuwa juu ya gari dogo lenye vipaza sauti, alitutangazia mara mbili kwamba samba ni muziki uliotoka Ureno ukaenda Brazili. Ureno ilipeleka lugha, na baadhi ya ala na nyimbo zilipitia huko, lakini mwili wa samba ulisafiri katika mashimo ya meli za watumwa kutoka Kongo na Angola. Wataalamu wengi hulihusisha jina lenyewe na neno semba la Kikimbundu, lugha ya Kibantu ya Angola, linalotaja mchezo ambamo wachezaji hugusana kitovu kwa kitovu. Na ngoma ya kusugua inayofanana na kuika ipo Angola hadi leo. Huko Bahia, jimbo la kaskazini mashariki mwa Brazili, samba ilichezwa kwa duara, mmoja akiingia katikati na wengine wakipiga makofi na kuitikia, jambo ambalo kila aliyekulia kijijini Rungwe au Kyela analifahamu bila kufundishwa. Duara hilo la Bahia lilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Utumwa ulipofutwa Brazili mwaka 1888, familia nyingi za Bahia zilihamia Rio, na katika mitaa yao ya kimaskini ndimo samba ya mjini ilimozaliwa. Chama cha kwanza kuitwa shule ya samba, Deixa Falar, kilianzishwa mwaka 1928 katika mtaa wa Estácio, na mashindano ya kwanza ya shule hizo yalifanyika mwaka 1932. Kusema mbele ya Wanyakyusa, Wasafwa na Wandali kwamba mambo haya yametoka Ureno ni kumnyima mtu jina lake mbele ya watoto wake.

Tukirudi kwenye maandamano, kundi lililonifurahisha kupita yote lilikuwa la akina mama. Katika shule za samba za Rio kundi liitwalo la wanawake wa Bahia, wengi wao wakiwa wazee, ni la lazima; huvaa sketi pana sana na kuzunguka hadi sketi ifunguke kama mwavuli. Waandaaji wetu walilishonea kundi hilo sketi za vitenge zenye pindo la waya mwepesi, na chini yake akina mama walivaa suruali za sufu na soksi ndefu ambazo hakuna aliyeziona mpaka walipozunguka. Hapo palikuwa na akili. Vazi lilikuwa la Bahia, kitambaa kilikuwa cha soko la Mwanjelwa, na aliyelivaa hakuugua kesho yake.

Sivyo ilivyokuwa kwa wachezaji vijana. Waliovaa manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi ya njano na zambarau walipendeza jua lilipokuwa juu, lakini walikuwa wamevaa kama wako ufukweni Copacabana, Rio, mikono na tumbo wazi. Saa kumi na moja upepo ulipoanza kushuka kutoka upande wa mlima Loleza, nilimwona binti mmoja akiacha kucheza ili ajikunyate nyuma ya surdo. Dada yangu, ambaye hawezi kuona mtoto wa mtu akitetemeka, alimvua shemeji mzula wake wa sufu akampelekea binti yule, naye akauvaa juu ya taji la manyoya. Picha yake nadhani ndiyo iliyosambaa zaidi kuliko zote za siku ile.

Hata hivyo mchana ulifana, kwa sababu hakuna aliyekaa. Kilomita mbili za kutembea, kusimama, kucheza na kutembea tena ziliwapasha watu moto hata wakafungua vifungo vya makoti. Watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa wana mganda, ngoma iliyozaliwa na gwaride la askari, na bila shaka wengi wetu tulikuwa na mazoea ya kufuata ngoma inayotembea; hakuna aliyehitaji kuambiwa afanye nini.

Usiku ulianza saa mbili katika bustani ya ukumbi. Kitu cha kwanza nilichokiona kilinivunja moyo: viti vya plastiki kama 300, vimepangwa mistari kuelekea jukwaa, kama vya mkutano wa hadhara. Mbele yake zilikuwapo meza zenye vitambaa vyeupe za waliolipa shilingi 40,000. Kati ya meza na jukwaa iliachwa nafasi ya hatua chache tu, na hapo walisimama walinzi wawili waliomrudisha kila aliyetaka kucheza, kwa maelezo kwamba atawakinga wageni wa mbele. Yaani tuliitwa kwenye samba, tukaketishwa, tukaambiwa tutazame. Usiku wa Julai huku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na kiti cha plastiki hakina huruma kwa mtu aliyekaa bila kujongea. Kufikia saa tatu na nusu watu walikuwa wamejifunika mashuka ya Kimasai na khanga hadi masikioni, na makofi yalikuwa hafifu kwa sababu mikono ilikuwa kwapani.

Nafahamu kwamba hata Rio kuna majukwaa ya watazamaji. Ile barabara maalumu ya maandamano, Sambodromo, iliyosanifiwa na Oscar Niemeyer na kufunguliwa mwaka 1984, imejengwa kwa ajili hiyo. Lakini pale shule ya samba hupita mbele ya watazamaji na maelfu ya wachezaji wake, na watu majukwaani husimama na kuimba nao. Kuwaweka wapigaji 28 juu ya jukwaa dogo na kuwagandisha watu mbele yao ni jambo tofauti kabisa.

Ngoma nazo zilipata adha yake. Usiku hewa ilipokuwa baridi na umande kuanza kutua, ngozi za mbuzi zilinyonya unyevu na kulegea, na ile sauti tamu ya mchana ikawa kama ya kupiga godoro. Mpiga ngoma yeyote wa nyanda hizi anajua dawa yake: ngozi huoteshwa moto. Mwalimu aliomba jiko la mkaa, akaambiwa kwamba moto hauruhusiwi karibu na jukwaa. Huenda sababu ya usalama ilikuwa ya kweli, lakini sehemu ya kuota ilipaswa kufikiriwa siku nyingi kabla. Zikabaki zile za plastiki, na fundi mitambo akaongeza besi ya spika kufidia pengo, mpaka tamborimu na agogo zikamezwa. Kuika sikuisikia tena, ingawa nilimwona mpigaji wake akisugua kwa bidii zote, uso umemkunjamana.

Chakula kilistahili pongezi na karipio kwa pamoja. Mpishi alijaribu feijoada, chakula cha Brazili cha maharage meusi yaliyochemshwa taratibu na nyama ya nguruwe. Hapa alitumia maharage ya kwetu ya Mbeya, yale ya njano, na ingawa rangi haikuwa yenyewe, rojo lilikuwa zito na lenye ladha ya moshi. Pembeni aliweka wali wa Kyela, mboga za majani zilizokatwa nyembamba, kipande cha chungwa, na unga wa muhogo uliokaangwa kwa mafuta na vitunguu, ambao kule huitwa farofa. Shemeji aliurudia mara tatu. Sahani iliuzwa shilingi 8,000, na kwa usiku wa baridi ile ilikuwa haki yake. Karipio ni hili: sufuria halikuwa na maandishi yoyote ya kueleza kwamba ndani yake kuna kitimoto. Nilimwona mama mmoja aliyejitanda mtandio akiwa kwenye foleni na wanawe wawili, na ni mtu wa nyuma yake, si mhudumu, aliyemtahadharisha. Kulikuwa na sufuria la pili la maharage matupu, ila lilifichwa nyuma ya meza na hakuna aliyelitaja mpaka mama yule alipouliza. Hilo si kosa la kusamehewa kwa tabasamu. Kibandiko cha karatasi kingetosha.

Chai ya tangawizi ilikwisha saa nne, wakati bia baridi ilikuwapo kwa wingi hadi mwisho. Aliyepanga akiba hiyo sijui alikuwa akiishi mji gani.

Vyoo vilikuwa safi na vyenye maji. Ulinzi wa magari ulikuwa mzuri.

Saa tano na nusu baadhi yetu tulichoka kuganda, tukatoka nje ya geti kutafuta mahindi ya kuchoma. Huko tuliwakuta wapigaji saba wa surdo na repiniki, ambao zamu yao ilikuwa imepita, wameziegesha ngoma zao za ngozi kuzunguka jiko la muuza mahindi, wakizigeuza taratibu kama mtu anayeanika samaki. Ngozi zilipokaza, mmoja alijaribu pigo, mwingine akamjibu, na baada ya dakika chache palikuwa na duara la watu wasiopungua 60: waendesha bajaji, walinzi wa maduka, wenye tiketi za shilingi 15,000 na, baadaye kidogo, hata waliotoka kwenye meza zenye vitambaa vyeupe. Mtu aliingia katikati, akacheza, akamgusa mwingine bega, naye akaingia. Binti wa mzula alikuwapo, sasa amevaa koti la mtu. Muuza mahindi aliuza kila kitu alichokuwa nacho, kisha naye akaingia katikati, kisu cha kumenyea kikiwa bado mkononi, mpaka dada akamwomba akiweke chini kwanza. Tulirudi ndani mara moja tu, kuchukua mkoba wa dada.

Usafiri wa kurudi ulikuwa shida. Saa nane usiku hapakuwa na daladala, waandaaji hawakupanga gari lolote, na bajaji za nje ziliomba shilingi 7,000 kwa safari ambayo mchana huchangiwa kwa mia chache. Waliokaa Uyole na Iyunga walilipa zaidi ya hapo.

Kwa mizani yangu, mchana unapata nyota tano kamili, na nawashauri waandaaji wasiuguse isipokuwa kumpa mshereheshaji karatasi yenye historia sahihi na kuwavika wachezaji vijana kitu chenye mikono. Usiku unapata mbili, na zote mbili ni za mpishi. Nimewaandikia waandaaji, wakanijibu kwa adabu kwamba mwakani wanafikiria kuongeza viti. Nikawajibu kwamba nitanunua tiketi siku watakapoviondoa, wakaweka majiko manne ya mkaa pembeni na kuwaachia watu sakafu.

Atakayekwenda kabla ya hapo ale vizuri saa saba, awahi Kabwe saa tisa, avae viatu vya kutembelea na koti linalofunguka kwa urahisi, na akae karibu na surdo za ngozi badala ya gari la spika. Usiku achukue shuka, aelewane bei na mwenye bajaji mapema na kuchukua namba yake ya simu, na asitupe kipande cha tiketi, kwa sababu getini watamdai tena akitoka kwenda kwa muuza mahindi.